Mwaka Ambao Bweni la Itare Lilishinda Kila Kitu

Cherono mwanangu,

Umeenda kwa shangazi yako kuaga, na ninavyomjua hatakuachilia kabla hujanywa chai na kuombewa. Nimepata nafasi ya kuandika. Mambo ya sabuni, ya soksi na ya kutoazimana taulo tumeyazungumza mpaka ukaniambia, "Mama, nimesikia." Sitayarudia.

Tulipokwenda shuleni kuchukua sare, ulisoma jina lililoandikwa juu ya mlango wa bweni lako, ukafurahi. "Itare! Si ndilo lilikuwa lenu?" Nikakujibu ndiyo, kisha nikageuka nikatazama mashamba ya chai. Ulidhani nimekumbuka ujana wangu. Ukweli ni kwamba niliogopa, na si haki nikupeleke pale kesho bila kukuambia ni kwa nini.

Enzi zetu mabweni yalikuwa manne, kila moja na jina la mto wa huku kwetu, na Itare lilikuwa la mwisho katika kila jambo. Mbio za nyika, tulifika wengine wakiwa wameshaoga. Kuimba, usafi, voliboli, mdahalo, yote yalitupita. Mwisho wa mwaka bweni lililoshinda lilipewa ngao ya mbao, na sisi tulikuwa wa kupiga makofi tu. Tulishazoea. Hata matroni wetu alikuwa akisema, "Nyinyi wangu mna tabia nzuri," kama mtu anayemsifia ng'ombe asiyetoa maziwa.

Kitanda cha pembeni mwangu, kile cha mwisho karibu na dirisha, kilikuwa cha Akinyi. Baba yake alikuwa fundi katika kiwanda cha majani chai, na mama yake aliuza omena, wale dagaa wa ziwani, na mboga katika soko la Kericho. Alikuwa mrefu, na sauti yake ilikwaruza kidogo, kama ya mtu aliyeamka sasa hivi. Akikimbia, mguu wake wa kushoto uligeuka nje, tukamcheka kwamba anakimbia kama bata anayekwenda sokoni. Hakukasirika. Hakuwa mtu wa kukataa kitu. Ukimwambia akuchotee maji, anachukua ndoo. Ukimwambia akushikie zamu ya kufagia, anashika ufagio. Tulikuwa marafiki tangu kidato cha kwanza, na nakuambia wazi, nilimtuma sana kuliko alivyonituma.

Likizo ya Krismasi ya kidato cha pili Akinyi alipatwa na nimonia. Mwaka mpya haukumkuta. Walimzika kwao kando ya ziwa, na sisi tulipata habari siku ya kufungua shule, tukiwa bado tumebeba magodoro kichwani.

Kiranja wa bweni alikuwa Chepkirui, msichana wa kidato cha nne, mkali, mwenye kichwa chepesi. Kila jioni baada ya chakula tulisimama kando ya vitanda vyetu naye akatuita majina. Aliyajua yote kwa moyo, kitanda baada ya kitanda, kuanzia mlangoni hadi dirishani. Jioni ile ya kwanza aliita mpaka akafika kwangu, nikasema "Nipo," na ulimi wake ukaendelea wenyewe: "Akinyi."

Nje ukungu ulikuwa umeshuka juu ya chai, na kilichosikika kilikuwa mngurumo wa kiwanda kule bondeni. Chepkirui alisimama kidogo, akasema, "Laleni."

Jioni ya pili nilidhani ataliruka jina lile. Hakuliruka. Baadaye nilimuuliza.

"Nikiliruka naona ni kama ninamkanyaga," alisema. "Wewe unaona aje? Niache?"

"Usiache," nikasema.

Ikawa desturi. Jina linaitwa, tunanyamaza kidogo, tunalala. Kile kitanda tulikitandika blanketi la buluu, rangi ya bweni letu, na hakuna aliyekikalia. Tuliona ni heshima. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria kwenda kumwona mama yake Akinyi, ingawa soko lilikuwa karibu na tulipita mjini kila tulipofunga shule.

Siku moja kabla ya mbio za nyika, Chepkirui aliita kama kawaida. "Akinyi." Na kutoka upande wa dirisha, polepole, sauti ikasema, "Nipo."

Wasichana wa upande wa mlangoni walicheka, wakidhani ni mimi nafanya mzaha. Mimi ndiye niliyekuwa karibu zaidi na dirisha. Sikuwa nimefungua mdomo. Chepkirui aliniangalia, na nilipomtikisia kichwa niliona mikono yake imeshika chuma cha kitanda. Akazima taa.

Asubuhi ukungu ulikuwa mzito. Mbio zilianzia uwanjani, zikateremka kwenye vijia vya chai, zikazunguka mikaratusi ya kuni za kiwanda, zikapanda tena. Sikuwa mkimbiaji. Nilikusudia kukimbia mpaka mwalimu asinione, kisha nitembee. Lakini tulipoingia kwenye chai, mbele yangu palikuwa na mtu. Niliona mgongo tu, na fulana ya buluu. Nilipoongeza mwendo aliongeza, nilipopunguza alipunguza. Hakuniacha, hakunikaribia. Michai ilikuwa imetufika kiunoni na umande ulinilowesha, lakini sikusikia baridi, na sikusikia miguu yangu ikichoka. Nilikuwa namwangalia yeye tu. Mahali penye utelezi, karibu na mikaratusi, nilitazama chini nisianguke, na hapo nikauona mguu wake wa kushoto. Ulikuwa unageuka nje.

Ungedhani nilisimama. Sikusimama, mwanangu. Nilimfuata.

Nilipotokea uwanjani, watu walikuwa wanapiga kelele. Mwalimu wa michezo alinishika bega. "Wewe Chepkoech! Umetoka wapi na mbio hizi?"

"Aliyekuwa mbele yangu ni nani?" nikamuuliza.

"Mbele yako? Hakuna mtu mbele yako. Umekuwa wa kwanza."

Wenzangu wa Itare walifika nyuma yangu, mmoja baada ya mwingine, kabla ya mabweni mengine. Nilipowatazama machoni nikajua kwamba kila mmoja alikuwa amefuata mgongo. Hatukuulizana. Tulibebana juu juu, tukaimba mpaka mabweni mengine yakatuchoka.

Tangu siku hiyo tukawa hatushindwi. Katika voliboli, mpira uliokuwa unaanguka nje ulirudi ndani. Katika usafi, mwalimu wa zamu alipita kila Jumamosi, akasimama mbele ya kitanda cha dirishani. "Hiki kimetandikwa vizuri kuliko vyote," akasema. "Ni cha nani?" Jioni tuliliacha blanketi lile limetulia, na asubuhi tulilikuta limekunjwa kwa namna nyingine, pembe zimenyooka, na ukiligusa lina unyevu, kama kitu kilicholala nje kwenye chai.

Siku ya kuimba alikuja mgeni kutoka mjini kuamua. Tulipomaliza, mzee yule alivua miwani, akatusifu, kisha akasema, "Namtaka yule wa sauti ya pili aliyekuwa mwisho wa mstari, yule mrefu. Aje mbele watu wamwone." Mwisho wa mstari nilikuwa mimi, na wewe unaujua urefu wangu. Nilisogea hatua moja. Mzee akanitazama, akatazama nafasi iliyokuwa pembeni mwangu, akavaa miwani tena. "Samahani," alisema, akaketi. Kikombe tulipewa. Lakini niliona hakutaka kutushika mkono.

Nataka uelewe jinsi ilivyokuwa tamu. Watu wakisema mambo kama haya huanza na hofu, lakini sisi tulianza na raha. Wasichana wa mabweni mengine walitupisha njia. Mwalimu mkuu alitutaja gwarideni. Tuliacha kufanya mazoezi, kwani ya nini? Tuliacha hata kuzungumza usiku kama zamani. Tulikuwa tunasubiri tu lile jina liitwe na liitikiwe, kisha tulale tukijua kesho tutashinda. Ndani ya bweni palianza kuwa na baridi ambayo mablanketi hayakuiweza. Nilipokwenda nyumbani likizo, mama yangu alinikamata kidevu akanitazama sana, akasema kwa Kipsigis, "Mtoto huyu anapewa chakula huko, ama anayekula ni nani?" Nilimcheka. Kutomsikiliza mama yangu siku ile ni kosa nililolijua baadaye.

Muhula wa tatu ulipoanza, jioni moja Chepkirui aliita majina akafika kwangu. "Chepkoech."

Kabla sijafungua mdomo, sauti ikasema, "Nipo."

Ilikuwa ile ile, ya kukwaruza. Ilikuwa karibu na sikio langu. Chepkirui hakutambua, akaita la Akinyi, likaitikiwa vile vile, kisha akawaambia watu walale. Mimi nilibaki nimesimama. Nilijaribu kusema, "Bado sijaitika," na sauti haikutoka. Ilirudi asubuhi, nyembamba.

Nilimfuata Chepkirui kwenye bomba la maji, nikamwambia.

"Nilidhani una mafua," alisema. Ndoo yake ilijaa ikamwagika, hakufunga bomba. "Leo nitaliruka jina lake. Yatosha."

Aliliruka. Aliita jina langu, nikajitahidi nikaitika mwenyewe. Akasema, "Haya, laleni." Na pale ambapo jina la Akinyi lingeitwa, pasipoitwa kitu, sauti ikasema, "Nipo." Haikuwa na hasira. Hilo ndilo lililonitisha zaidi. Ilikuwa sauti ya mtu aliyeamshwa kwenye usingizi, anayeogopa kuchelewa kazini.

Jumamosi hiyo niliomba ruhusa kwenda kwa daktari wa meno, nikaenda soko la Kericho. Nilimkuta mama yake Akinyi amekaa nyuma ya kilima kidogo cha omena, anawapepea nzi. Alinijua mara moja. Alinipa kigoda, akaniuliza masomo, akaniuliza wazazi. Nilikuwa nimepanga maneno yangu, lakini niliyasahau, nikamwambia yote kwa mkupuo, kuanzia jioni ya kwanza. Nilingoja anipige.

Aliacha kupepea. "Anaitika?" aliuliza.

"Ndiyo, mama."

"Na sauti gani?"

"Yake. Ya kukwaruza."

Alijifunika uso na kanga yake kwa muda. Mteja akaja, akaondoka. Alipofunua uso hakuwa analia.

"Mimi nilimzika huyu mtoto," alisema. "Nilimuosha kwa mikono yangu, nikamwimbia, nikamwambia apumzike. Halafu nyinyi mnamwita kila jioni. Akiitwa na wenzake, Akinyi atakataa aje? Alikataa nini maisha yake yote?"

Kisha akauliza, "Mnashinda naye?"

"Kila kitu."

"Basi mmemfanyisha kazi mwaka mzima," alisema, taratibu kabisa, "na hakuna hata mmoja alikuja kuniambia pole."

Nimesemwa vibaya na watu wengi tangu siku ile, Cherono. Hakuna aliyenifikia pale mama yule aliponifikia bila kuinua sauti.

Alikuja shuleni Jumatatu jioni. Alimwambia matroni kwamba anataka kukiona kitanda cha mtoto wake, na matroni, ambaye nadhani alijua zaidi ya alivyosema, alimfungulia mlango na kumwacha. Alikaa juu ya blanketi la buluu, mikono mapajani. Sisi tulisimama kando ya vitanda. Chepkirui alianza kuita, akipunguza mwendo kadiri alivyokaribia dirisha. Aliniita, nikaitika. Kisha akamtazama mama, na mama akamwitikia kwa kichwa.

"Akinyi," Chepkirui akaita.

Kabla ya sauti nyingine yoyote, mama akasema, "Hayupo. Nimekuja kumchukua nyumbani."

Mama aligeukia dirisha. "Twende, nyathina," alisema, kwa maana ya mwanangu. "Umefanya kazi vya kutosha. Hawa watajifanyia."

Aliinuka. Hakuchukua blanketi wala kitu kingine. Mkono wake wa kulia aliuacha ukining'inia mbali kidogo na mwili, vidole vimekunjwa nusu, kama mtu aliyemshika mwingine mkono. Alipopita mbele yangu nilisikia harufu ya majani mabichi ya chai, na nyayo zake zikifuatwa na nyingine, moja nyepesi, moja ya kuburuta kidogo.

Tulikimbilia dirishani. Kulikuwa bado na mwanga kidogo wa jioni. Alishika kile kijia cha katikati ya chai kinachokwenda barabarani. Kijia kile ni chembamba, mtu hupita katikati yake. Yeye alipita pembeni kabisa, sketi yake ikigusa michai, akiacha nafasi upande wa pili. Hakugeuka. Ukungu ukawafunika. Nimeandika ukawafunika, na sitalifuta neno hilo.

Yaliyobaki ya mwaka ule tulishindwa yote. Mdahalo, usafi, hata mchezo wa kamba. Lakini alama tulizokuwa nazo zilitosha, na siku ya kufunga shule, ngao ikaletwa Itare. Chepkirui alikwenda kuipokea. Alitembea kama anayekwenda kubeba jeneza. Usiku wake tulisikia mtu analia bwenini, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu tulijua ni nani, ni mmoja wetu, tukaenda tukakaa naye.

Sasa nikuambie kwa nini nimekaa nikaandika haya badala ya kukupikia. Tangu tumzike baba yako, kila unapokimbia na kushinda nakusikia ukiwaambia watu, "Ni baba alinisukuma." Nakuona ukiipigia laini yake kabla ya mtihani, ukisikiliza yule mama wa simu akisema hapatikani, kisha unakata ukiwa umetulia. Sijakukataza, na leo pia sikukatazi. Mimi mwenyewe kuna asubuhi naweka vikombe vitatu. Lakini baba yako aliamka alfajiri kukamua na kuchuma chai miaka yote tuliyokaa kijijini Silibwet, mpaka mgongo ukamwisha. Alikuwa kama Akinyi, hakujua kukataa. Mkumbuke. Mlilie ukitaka, mahali popote, hata darasani. Usimtume.

Na kama utakosa nguvu ya kumwacha apumzike, niambie mimi. Nitakuja, hata kama ni katikati ya wiki na ng'ombe hawajakamuliwa.

Mwaka uliofuata nilikimbia tena mbio za nyika. Chepkirui alikuwa ameshamaliza shule. Ukungu ulikuwa vile vile, na tulipoingia kwenye chai nilitazama mbele nikaona njia tupu. Nilitishika kwa utupu ule kuliko nilivyotishika kwa mgongo. Hapakuwa na wa kumfuata. Miguu iliuma, kifua kiliwaka, nilianguka karibu na mikaratusi nikachubuka goti, nikainuka. Wasichana wengi walinipita. Nilipofika uwanjani walikuwa wameanza kukunja kamba za mwisho wa mbio, na mwalimu hata hakuniangalia. Nililala kwenye majani nikihema, jasho likinichoma kwenye kidonda, na nilifurahi mno, kwa sababu uchovu ule wote ulikuwa wangu.

Kesho jioni kiranja wenu ataita majina. Likifika lako, usikawie. Itika mwenyewe, kwa sauti yako.

Anayekupenda na kukungoja likizo,

Mama yako, Chepkoech